Snuka: Mezani hakuna kinachoonekana, lakini pesa za kubeti ndizo zinazowaumbua wanaouza mechi

Tarehe 6 Juni 2023, wachezaji 10 kutoka China walifungiwa kucheza snuka ya kulipwa. Wengine walipatikana na kosa la kuuza mechi, wengine kubeti kwenye mchezo wao wenyewe, wengine kushiriki katika mipango ya wenzao. Wawili kati yao, Liang Wenbo na Li Hang, walifungiwa maisha. Hata miaka miwili haikutimia, mmoja wa wale kumi, Zhao Xintong, akarudi na kunyakua ubingwa wa dunia mjini Sheffield, Uingereza. Aliondoka na kombe pamoja na pauni 500,000, yaani zaidi ya dola 600,000.

Matukio hayo mawili yamewaacha mashabiki wa mchezo huo na maswali mengi. Mtu anauza mechi namna gani mbele ya kamera na maelfu ya watazamaji? Anakamatwa namna gani, ikiwa mwamuzi amesimama hatua mbili kutoka mezani na hakuona kitu? Na je, aliyeadhibiwa ana haki ya kurudi na kuwa bingwa?

Jibu la swali la pili ndilo linaloshangaza wengi. Katika kesi karibu zote kubwa za snuka, ushahidi haukutoka mezani. Ulitoka kwenye simu na kwenye akaunti za watu waliobeti.

Mchezo wa mtu mmoja

Snuka ni ndugu wa biliadi inayochezwa katika baa zetu, ila meza yake ni kubwa zaidi: urefu wake unapita mita 3 na nusu. Kuna mipira 15 myekundu, mipira 6 ya rangi nyingine, na mweupe mmoja unaogongwa kwa fimbo. Mwekundu una pointi 1, mweusi pointi 7. Duru moja mezani huitwa fremu. Mechi ndogo huisha mtu akifikisha fremu 4, lakini fainali ya dunia huisha mtu akifikisha fremu 18, kwa muda wa siku mbili.

Katika mpira wa miguu, anayetaka kununua mechi anahitaji kipa, mabeki, au mwamuzi. Siri ikishikwa na watu watano, mmoja atasema. Kwenye snuka anahitaji mtu mmoja tu. Mchezaji huyo hana mwenzake wa kumfunika wala kocha wa kumtoa uwanjani. Akisogeza mkono kidogo sana, mpira unagonga ukingo wa shimo na kutoka. Watazamaji wanasikitika, mpinzani wake anasimama kucheza, mambo yanaendelea.

Na wachezaji bora duniani hukosa mipira rahisi kila siku, bila nia yoyote mbaya. Kwa hiyo hakuna mwamuzi wala mtaalamu anayeweza kuapa, kwa kutazama video peke yake, kwamba mpira fulani ulikoswa kwa makusudi. Wanaouza mechi hutegemea jambo hilo kama ngao yao.

Wazee wawili na vijana nane

Kesi ya wachezaji wa China ndiyo kubwa kuliko zote katika historia ya snuka. Ilianza mwezi wa Oktoba 2022, wakati shirika linalosimamia mchezo huo duniani, WPBSA, lilipomsimamisha Liang Wenbo. Mwezi wa Desemba wengine walifuata, hadi Januari 2023 hesabu ikafika 10.

Hawa hawakuwa watu wadogo. Liang alikuwa ameshinda English Open mwaka 2016, na alikuwa ameibebea China Kombe la Dunia la timu pamoja na nyota Ding Junhui. Yan Bingtao alikuwa ameshinda Masters mwezi wa Januari 2021 kwa kumpiga John Higgins 10-8. Zhao Xintong alikuwa ameshinda UK Championship mwishoni mwa 2021 na German Masters mwanzoni mwa 2022. Wengi walisema kwamba yeye na Yan ndio watakaorithi mchezo huo kutoka kwa kizazi cha Ronnie O'Sullivan.

Tume huru ya nidhamu ilisikiliza kesi hiyo mjini London. Ilichoona ni picha ambayo wazazi wengi wataielewa: wanaume wawili waliopita miaka 30, wenye jina na heshima, wakiwavuta vijana wa nyumbani kwao katika biashara chafu. Baadhi ya vijana hao walikuwa na miaka 20 tu. Walikuwa wakiishi Uingereza mbali na familia, wakifanya mazoezi pamoja, wakiwatazama wale wawili kama kaka zao wakubwa.

Mmoja wao, Chang Bingyu, alisema kwamba Liang alimtisha ili apoteze mechi kwenye British Open ya 2022. Tume iliona pia kwamba uchunguzi ulipoanza, kulikuwa na juhudi za kuharibu ushahidi, ikiwemo kuwaambia wengine wafute ujumbe kwenye simu zao. Hapo ndipo kesi ilipozidi kuwa nzito, kwa sababu mtu safi haogopi simu yake.

Adhabu hazikulingana. Liang na Li Hang walifungiwa maisha, na kila mmoja akaamriwa kulipa pauni 43,000 za gharama za kesi. Lu Ning alipata miaka 5 na miezi 4. Yan Bingtao na Chen Zifan walipata miaka 5 kila mmoja. Zhang Jiankang alipata miaka 2 na miezi 11, Bai Langning miaka 2 na miezi 8, Zhao Jianbo miaka 2 na miezi 4, na Chang Bingyu miaka 2. Zhao Xintong alipata miezi 20, adhabu ndogo kuliko zote.

Wale waliokiri mapema na kusaidia uchunguzi walipunguziwa. Wale wawili waliowavuta wengine hawakupunguziwa chochote. Jason Ferguson, mkuu wa WPBSA, alisema inavunja moyo kuona vijana wakianguka kwa shinikizo la wachezaji wawili wakubwa. Kwa maneno mengine, shirika lilitofautisha kati ya mwizi na yule aliyemfundisha kuiba.

Namna pesa zinavyosema

Ili kuelewa namna watu hawa wanavyokamatwa, tuchukue mfano. Mchezaji mwenye jina anakutana na kijana asiyejulikana. Ukiweka dola 100 kwamba mwenye jina atashinda, kampuni ya kubeti inaweza kukurudishia dola 120 tu, maana kila mtu anajua atashinda. Lakini ukisema atashinda 4-0 kamili, inaweza kukulipa dola 500 au 600, kwa sababu kupatia matokeo kamili ni vigumu.

Ni vigumu, isipokuwa kwa mtu anayeyajua matokeo kabla mechi haijaanza. Ndiyo sababu wanaonunua mechi za snuka mara nyingi hawabeti juu ya nani atashinda. Wanabeti juu ya matokeo kamili, au nani atachukua fremu ya kwanza, au fremu ngapi zitachezwa kwa jumla. Mchezaji akiuza fremu ya kwanza peke yake, anaweza hata kushinda mechi baadaye, akapata pesa pande zote mbili.

Lakini hapo ndipo mtego ulipo. Mechi ya raundi ya kwanza, inayochezwa asubuhi mbele ya viti vitupu, kwa kawaida haivuti pesa nyingi. Siku moja, saa chache kabla ya mechi, akaunti kadhaa zinaanza kuweka pesa. Baadhi zimefunguliwa wiki hiyohiyo. Baadhi zinatoka mji mmoja. Zote zinaweka kiasi cha juu kabisa kinachoruhusiwa, na zote zinachagua matokeo yaleyale. Kampuni ikikataa pesa zaidi, wenye akaunti hizo wanakimbilia kampuni nyingine.

Kompyuta za kampuni hizo zinaona jambo hilo kwa dakika chache. Kampuni nyingi kubwa zimejiunga katika shirika linaloitwa IBIA, ambalo mizizi yake inaanzia mwaka 2005, na kazi yake ni kupashana habari pale pesa zinapoonyesha mwendo usio wa kawaida. Wao hawafanyi hivyo kwa huruma. Mechi ikiuzwa, wanaoibiwa kwanza ni wao. Taarifa inafika kwa WPBSA, wakati mwingine kabla mchezaji hajagusa fimbo.

Hata hivyo, pesa zenye mwendo wa ajabu peke yake si ushahidi wa kutosha. Inawezekana habari imevuja tu kwamba mchezaji anaumwa mkono, na walioisikia wakakimbilia kubeti. Kwa hiyo wachunguzi wanatafuta kamba inayounganisha: nani aliyebeti, anafahamiana vipi na mchezaji, walipigiana simu saa ngapi, pesa zilipita akaunti ipi baada ya mechi. Kanuni za snuka zinamlazimisha mchezaji kutoa simu yake na taarifa zake za benki akiombwa. Akikataa, kukataa huko nako ni kosa.

Kesi ya Mark King, Mwingereza aliyeanza kucheza kwa kulipwa mwaka 1991, inaonyesha namna njia hiyo inavyofanya kazi. King alisubiri miaka 25 kabla ya kushinda kombe lake la kwanza kubwa, Northern Ireland Open ya 2016. Mwezi wa Februari 2023, kwenye Welsh Open, alipoteza 4-0 mbele ya Joe Perry, ambaye hakuwa na kosa lolote. Pesa zilizowekwa juu ya matokeo hayohayo ziliwatia wasiwasi wafuatiliaji. Mwezi uliofuata alisimamishwa. Mwishowe alifungiwa miaka 5, hadi Machi 2028, na akaamriwa kulipa gharama za kesi. Kwa mtu aliyepita miaka 50, adhabu hiyo ni kama mwisho wa kazi.

Siku za mwizi

Uovu huu haukuanza na Wachina, na ni vibaya kuupa taifa moja. Mwaka 1995, Peter Francisco wa Afrika Kusini alishindwa 10-2 na Jimmy White kwenye ubingwa wa dunia. Kampuni za kubeti zilikuwa zimeona watu wakibeti kwa wingi kwamba matokeo yatakuwa 10-2 hasa. Francisco alifungiwa miaka 5, na hakurudi tena katika kiwango chake.

Mwaka 2006, Quinten Hann wa Australia alifungiwa miaka 8. Waandishi wa gazeti la Uingereza walijifanya wafanyabiashara, wakamnasa akikubali kupoteza mechi kwenye China Open. Mwaka 2018, Yu Delu alifungiwa miaka 10 na miezi 9, na mwenzake Cao Yupeng miaka 6, ambayo sehemu yake kubwa iliahirishwa kwa sababu alisaidia uchunguzi.

Kesi inayofundisha zaidi ni ya Stephen Lee. Mwingereza huyo alikuwa miongoni mwa wachezaji 10 bora duniani aliposimamishwa mwezi wa Oktoba 2012. Mechi zilizotiliwa shaka zilikuwa za mwaka 2008 na 2009, ikiwemo moja ya ubingwa wa dunia. Waendesha mashtaka wa serikali walikuwa wamechunguza faili lake na kuamua kwamba ushahidi hautoshi kumpeleka mahakamani kwa kosa la jinai. Wengi walidhani ameponyoka.

Lakini baraza la nidhamu la mchezo halihukumu kama mahakama ya jinai. Mahakama inataka uhakika usioacha shaka. Baraza linauliza tu: kati ya mambo mawili, lipi lina uwezekano mkubwa zaidi? Mwezi wa Septemba 2013 Lee alipatikana na hatia katika mechi 7. Ilionekana kwamba watu waliohusiana naye walikuwa wamebeti zaidi ya pauni 111,000 na kupata faida inayopita pauni 97,000. Alifungiwa miaka 12.

Siku za mwizi ni arobaini, na za Lee zilikuwa miaka minne.

Kukaa kimya nako ni kosa

Kuna kosa lingine ambalo vijana wengi hawalijui, nalo limewafunga watu ambao hawakuuza chochote. Ni kosa la kunyamaza.

Mwaka 2010, John Higgins wa Scotland, bingwa wa dunia mara tatu wakati huo, alialikwa pamoja na meneja wake katika hoteli mjini Kyiv, Ukraine. Watu waliowapokea walijifanya wafanyabiashara, na walizungumza nao juu ya kupoteza fremu kwa malipo. Kumbe walikuwa waandishi wa gazeti wenye kamera za siri. Baada ya uchunguzi, Higgins aliondolewa shtaka la kukubali kuuza mechi. Alieleza kwamba aliogopa watu hao na alitaka tu kutoka salama mahali pale. Lakini alifungiwa miezi 6 na kutozwa pauni 75,000, kwa sababu alionekana kukubali na hakuripoti. Meneja wake alifukuzwa maisha.

Mwaka 2019 jambo kama hilo lilimpata Jamie Jones wa Wales. Rafiki yake David John alifungiwa miaka 5 na miezi 7 kwa kuuza mechi mbili. Jones mwenyewe hakuuza, lakini alijua kulikuwa na mtu aliyeombwa kuuza na hakusema. Alifungiwa mwaka mmoja.

Kanuni za leo ziko wazi. Mchezaji wa kulipwa hana ruhusa ya kubeti kwenye mechi yoyote ya snuka popote duniani, hata ile asiyocheza yeye, hata kwa dola moja. Hana ruhusa ya kumpa mtu habari za ndani ambazo hazijatangazwa. Na mtu yeyote akimkaribia na ombi chafu, lazima aripoti mara moja. Anayesema "nilikataa, basi yakaisha" atakuwa amechelewa.

Kanuni hiyo ni kali kwa makusudi. Aliyekataliwa na mchezaji mmoja haendi nyumbani kulala. Anaenda kwa mwingine, ambaye pengine ni mdogo zaidi, au ana deni kubwa zaidi.

Wanaponunuliwa ni kina nani?

Ukitazama majina yote haya, utaona kwamba mechi zilizouzwa karibu zote si fainali. Ni mechi za raundi za kwanza, kwenye mashindano ambayo hata shabiki hakumbuki nani alishinda. Sababu yake ni hesabu ya pesa.

Bingwa wa dunia anapata pauni 500,000. Lakini kuna wachezaji zaidi ya 100 katika orodha ya kulipwa, na wengi wao wanalipa wenyewe ndege, hoteli, chakula na mahali pa mazoezi. Kwa miaka mingi, aliyepoteza mechi ya kwanza alirudi nyumbani mikono mitupu. Mtu kama huyo akiambiwa kwamba mechi ambayo pengine angepoteza tu inaweza kumlipa pesa za miezi kadhaa, moyo unatikisika. Hata katika kesi ya Stephen Lee, mwamuzi alikubali kwamba mchezaji huyo alikuwa na shida ya pesa alipoanguka.

Kwa vijana wa China kulikuwa na mzigo wa ziada. Janga la Korona lilifuta mashindano yote makubwa yaliyokuwa yakifanyika nchini kwao. Toka mwisho wa 2019 hadi Septemba 2023, mchezo mkubwa wa kulipwa haukurudi China bara. Wale waliobaki Uingereza walikuwa wamepoteza sehemu kubwa ya mapato, na nyumbani hawakuweza kwenda kwa urahisi. Wakiwa na upweke na muda mwingi, baadhi waliingia katika kamari wenyewe. Anayedaiwa na kamari ndiye mtu rahisi kuliko wote kununuliwa.

Wasimamizi walilazimika kukubali kwamba adhabu peke yake haitoshi. Tangu msimu wa 2022-2023, kila mchezaji katika orodha ya kulipwa amewekewa dhamana ya kupata angalau pauni 20,000 kwa msimu. Kwa maisha ya Uingereza si pesa nyingi. Lakini inamwondoa mtu katika hali ya kutojua atakula nini akishindwa kesho.

Zhao, kutoka kifungo hadi kombe

Zhao Xintong hakuuza mechi yake yoyote. Alipatikana na makosa mawili: alikuwa akijua na kushiriki katika mpango wa Yan Bingtao wa kuuza mechi mbili, na alibeti kwenye snuka. Alikiri mapema. Kifungo chake kiliisha mwanzoni mwa Septemba 2024.

Aliporudi hakuwa na nafasi tena katika orodha ya kulipwa. Alianza chini kabisa, katika mashindano ya wachezaji wasio wa kulipwa, kwenye kumbi ndogo zisizo na kamera kubwa. Huko alishinda karibu kila alichocheza. Kwenye ubingwa wa dunia wa 2025 alilazimika kupita raundi 4 za kufuzu kabla ya kufika kwenye ukumbi wa Crucible, ambako ubingwa umefanyika tangu 1977. Katika nusu fainali alimpiga O'Sullivan 17-7. Tarehe 5 Mei 2025 alimshinda Mark Williams, mwenye miaka 50, kwa 18-12.

Akawa Mchina wa kwanza na mtu wa kwanza kutoka Asia kuwa bingwa wa dunia wa snuka. Pia ni wa kwanza kushinda ubingwa huo kama mchezaji asiye wa kulipwa.

Kuna wanaosema hakustahili. Wanasema mchezo unaojaribu kusafisha jina lake haupaswi kumwinua mtu aliyepita katika kesi hiyo. Wengine wanajibu kwamba adhabu yenye mwisho lazima iwe na mwisho kweli. Mtu akimaliza kifungo chake, akaanza tena chini bila kupendelewa, basi amelipa deni.

Kila upande una hoja yake. Lakini kuna jambo moja ambalo wote hawawezi kulikataa. Yan Bingtao, aliyekuwa na kipaji kama cha Zhao, alitazama fainali hiyo akiwa bado na zaidi ya miaka miwili ya kifungo mbele yake. Vijana hao wawili walikuwa marafiki, na mwaka 2022 walicheza fainali ya German Masters wao kwa wao. Mmoja aliuza mechi, mwingine alijua na kushiriki katika mpango huo. Umbali kati ya makosa hayo mawili ulipimwa kwa miaka, na hatimaye kwa kombe la dunia.

Na sisi tunaobeti huku?

Msomaji wa Bukavu, Butembo, Kisangani au Lubumbashi anaweza kuuliza snuka ya Uingereza inamhusu nini. Inamhusu kwa sababu simu yake inamfikisha kwenye soko lilelile. Anayefungua ukurasa wa kubeti kutafuta mechi za mpira wa Ulaya ataona pia tenisi, mpira wa vikapu, na mara nyingi snuka. Pesa anazoweka zinaingia katika chungu kimoja na pesa za yule anayejua matokeo tayari.

Na si snuka peke yake. Waafrika tunakumbuka mechi ya Afrika Kusini dhidi ya Senegal ya Novemba 2016, ya kufuzu Kombe la Dunia. Mwamuzi Joseph Lamptey wa Ghana aliipa Afrika Kusini penalti kwa mpira uliogonga goti la Kalidou Koulibaly, akidai umegonga mkono. Afrika Kusini ilishinda 2-1. Waliofuatilia pesa za kubeti waliona mwendo usio wa kawaida wakati wa mechi. FIFA ilimfungia Lamptey maisha na kuamuru mechi irudiwe. Mwaka mmoja baadaye Senegal ilishinda 2-0 na kwenda Urusi. Huko nako, pesa ndizo zilizoongea.

Kwa hiyo kijana anayeambiwa na mtu kwenye WhatsApp kwamba ana "mechi ya uhakika", yenye matokeo kamili, atoe pesa kidogo apewe siri, ajue mambo mawili. La kwanza: karibu kila anayeuza siri kama hiyo ni tapeli, kwa sababu mwenye siri ya kweli haiuzi kwa dola 5, anaibetia yeye mwenyewe kimya kimya. La pili: kama kwa bahati mbaya siri hiyo ni ya kweli, basi kuna mchezaji mahali fulani ambaye maisha yake yanaharibiwa, na akaunti zote zilizobeti matokeo hayo zitabaki katika orodha ya wachunguzi.

Mpira uliokoswa mezani unasahaulika baada ya dakika moja. Tiketi ya kubeti ina tarehe, saa, kiasi na jina la mwenye akaunti. Stephen Lee alipatikana na hatia zaidi ya miaka minne baada ya kucheza mechi zake, na tiketi zilikuwa bado zipo.